Bolti ya Tatu

Baba alinipigia simu Alhamisi mchana, nimesimama mbele ya mashine, koti limejaa chenga za chuma. Hakuniuliza hali. Alisema, "Jumamosi uje Bigwa. Njoo na vyombo vyako vya kazi." Nikamuuliza kuna nini. "Ukija utaona," akasema, akakata simu.

Nina miaka ishirini na tatu katika kazi ya kukereza vyuma, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza baba yangu kukiri kwamba nina vyombo vya kazi. Watu walipomuuliza binti yake anafanya nini mjini, alikuwa akijibu, "Yupo yupo huko kiwandani." Nilikuwa kiwandani kweli miaka ya mwanzo, ndiko nilikojifunzia. Baadaye nilihamia karakana moja ya Kihonda, ninakochonga shafti na bushi, puli za mashine za kusaga unga na vipuri vya matrekta ya mashamba ya miwa, lakini jibu lake halikubadilika. Majirani zake wengi walidhani nafagia.

Sikuhitaji kubahatisha alichoniitia. Baba alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho kingeweza kumfanya anipigie simu, nacho ni gari lake, Pijo pikapu ya zamani, nyeupe, ambayo kwa miaka mingi ilipanda na kushuka barabara ya Matombo. Alikuwa akibeba ndizi, machungwa na mdalasini kuleta sokoni Morogoro, na kurudi na sabuni, saruji na abiria. Watu wa kule walimpenda. Alisimama njiani kumpakia bibi mwenye mzigo wa kuni, aliwashusha wajawazito hospitalini bila kuwatoza kitu, na mpaka leo nikienda Matombo kuna wazee wanaonishika mkono kwa mikono miwili kwa sababu yake tu. Mimi huwaitikia. Sijawahi kuwaambia kwamba yule dereva wao alikuwa akishukia njiani mahali fulani, na anayeingia nyumbani kwetu jioni alikuwa mtu mwingine.

Baba si Mluguru. Alikuja Morogoro kijana kutafuta kazi, akamwoa mama, ambaye kwao ni Matombo. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mashamba ya migomba na michungwa aliyoyabebea mazao maisha yake yote yalikuwa ya ukoo wa mama, na mama alipofariki nikawa na sauti juu yake. Baba hakuwa na hata shina moja la mdalasini la kumwachia mtoto wake wa kiume. Alikuwa na gari. Nilipokuwa mdogo alinieleza jambo hilo mara moja na hakulirudia: "Wewe una milima. Kaka yako ana gari. Usiliguse."

Niliwahi kuligusa mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo. Asubuhi hiyo gari liligoma kuwaka. Kaka, anayenizidi miaka miwili, alihangaika nalo mpaka betri ikaanza kuchoka, huku baba akimwelekeza kutoka kibarazani. Baba alipoingia ndani kutafuta spana, mimi niliinama kwenye injini nikaona waya mmoja wa plagi umechomoka kidogo mahali pake. Nikausukuma ndani kwa kidole. Nikamwambia kaka ajaribu. Gari likawaka mara moja.

Baba alitoka na spana mkononi. Nilikuwa nimeuegemeza mkono wangu wa kulia juu ya madigadi, nacheka. Aliupiga pale pale ulipokuwa, kwa upande mzito wa ile spana, kama mtu anayegonga msumari. Akasema, "Mkono huu ni wa jembe." Kisha akafunga boneti, akapanda, wakaondoka na kaka kwenda Matombo.

Mama alinifunga kitambaa na kuniambia nikiulizwa niseme nilibanwa na mlango. Hatukwenda hospitali. Kidole cha kati kiliunga kikiwa kimepinda, na mpaka leo hakikunjiki mpaka mwisho. Nilipoanza kazi ya kukereza, walimu wangu walishangaa kuniona nikizungusha kipimo kwa kidole cha pete. Nikawaambia nilibanwa na mlango.

Jumamosi nilipofika Bigwa nilimkuta baba ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya banda la mabati alilolijengea gari. Boneti ilikuwa wazi. Pembeni yake alikaa jirani yake, mwalimu mstaafu, ambaye kila asubuhi huja na chupa yake ya chai wakanywa pamoja. Niliwaamkia.

"Shikamoo baba. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu," mwalimu akaitika. Baba aliitika kwa kichwa, akaonyesha injini kwa kidevu.

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, inatetemeka. Ilikuwa imeanza mwaka uliopita, mkono wa kushoto kwanza kisha wa kulia, na vidonge alivyopewa hospitali vilisaidia asubuhi tu.

Gari lilikuwa halijatembea miaka minne. Lililofanya likumbukwe ni harusi. Mtoto wa kaka, anayeishi na wazazi wake Dar es Salaam, alikuwa anaoa binti wa Matombo, na kaka alikuwa amempigia baba kumwambia kwamba wanataka bibi harusi atolewe kanisani, kule misheni, kwa gari la babu. Magari ya zamani siku hizi yanatafutwa sana kwa harusi; watu wanapenda kupigia picha. Baba alishika jambo hilo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Angeingia tena Matombo katika gari lake, watu wakiwa wamesimama njiani. Zilibaki wiki tatu.

Alikuwa ameita fundi kutoka mjini. Fundi alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, yote yakaenda vizuri mpaka alipofika kwenye kile kifuniko ambamo mpira wa juu wa rejeta huchomekwa, mbele ya hedi, yaani kichwa cha injini. Kimeshikwa na bolti tatu. Kwa miaka mingi baba alikuwa akijaza maji ya bomba na ya mtoni kwenye rejeta, na hedi ya gari lile ni aluminiamu. Bolti za chuma zilizoloweka humo zinakuwa kama zimeota mizizi. Mbili zilitoka. Ya tatu ilikatika, kichwa kikabaki kwenye spana na mwili ukabaki ndani.

Hapo mtu mwenye busara angesimama. Fundi yule alichukua drili akatoboa katikati ya bolti, ila hakupatia katikati, akatoboa upande. Kisha akachomeka kile chuma cha kutolea bolti zilizokatika, chenye uzi unaokwenda kinyume, akakaza kwa nguvu, nacho kikakatikia humo humo. Kile chuma ni kigumu kuliko drili yoyote ya kawaida. Fundi akasema anakwenda kufuata kifaa, na tangu siku hiyo simu yake haipokelewi.

Niliwasha taa ya simu nikaangalia. Pembeni ya tundu, kwenye aluminiamu, kulikuwa na makovu mapya, marefu, yasiyo na mpangilio.

"Haya makovu ni ya fundi?" nikauliza.

Mwalimu akaangalia chai yake. Baba akasema, "Nilijaribu na tindo."

Nilielewa kila kitu. Alikuwa amesimama hapo na mikono ile, na tindo, na nyundo.

Nilizima taa, nikafuta mikono yangu polepole na kitambaa. Nilikuwa nimeshajua nitakavyoitoa ile bolti. Kazi ya siku mbili au tatu, ya kuogopesha kidogo, lakini inawezekana. Nikasema, "Hii imekufa baba. Utafute hedi nyingine."

Hedi ya gari lile haipatikani Morogoro, wala Dar haipatikani kwa wiki tatu. Nilijua, na alijua. Nilimtazama usoni wakati maneno yanamwingia. Mdomo wake ulifunguka kidogo, mkono wa kushoto ukazidi kutetemeka, akaufunika na wa kulia. Niliyafuata hayo yote jinsi ninavyofuata kisu cha mashine kinapoingia kwenye chuma.

Mwalimu ndiye aliyesema, "Mwanangu, hakuna namna kabisa?"

"Namna ipo," nikasema. "Mimi naweza kuitoa."

Baba akainua kichwa. "Sasa mbona unasema imekufa?"

"Nilitaka kujua utafanya nini."

Bodaboda zilipita barabarani. Baba akasema, "Haya, itoe."

"Niombe."

"Nimekuita. Si ndiyo nimekuomba?"

"Uliniambia nije na vyombo. Niombe kama unavyomwomba fundi. Ulipompigia yule wa mjini ulimwambiaje?"

Mwalimu alianza kuinuka, akashika chupa yake ya chai. Nikamwambia, "Mwalimu, tafadhali kaa." Na yule mzee wa watu akakaa, kwa sababu nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Au nilijua ninayo, niliirithi.

Baba alitazama injini muda mrefu. Kisha akasema, akiiambia injini, "Fundi, naomba unisaidie."

"Sikusikia."

Akanigeukia. "Fundi. Naomba unisaidie."

Ningependa kusema kwamba niliona haya, au kwamba ushindi huo ulikuwa mchungu. Haukuwa mchungu. Nilifurahi mwili mzima. Nilivua saa yangu nikaanza kazi.

Mchana ule nilishughulika na kile chuma kigumu tu. Hakitoboleki, lakini kina udhaifu wake: ukikipiga mahali panapofaa kinapasuka kama kioo. Nilikuwa na patasi ndogo niliyoitengeneza mwenyewe, nene kama kalamu, na nyundo ndogo. Unapiga pigo moja, unachungulia, unatoa vipande kwa sumaku, unapiga tena. Ukizidisha nguvu unapasua hedi na kazi imekwisha. Chini ya boneti mlikuwa na kivuli, kwa hiyo nilihitaji mtu wa kunishikia tochi. Mwalimu alijitolea.

"Hapana," nikasema. "Atashika mwenye gari."

Baba akasimama akashika tochi. Nilijua mikono yake haiwezi. Mwanga ulikuwa unacheza juu ya injini yote, mara kwenye rejeta, mara machoni mwangu. Kila ulipotoka kwenye tundu nilisimamisha nyundo na kusubiri bila kusema neno, mpaka yeye mwenyewe atambue na kuurudisha. Saa nzima tulikwenda hivyo. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu. Mwalimu alisema, "Mpokee basi mzee," nami nikajifanya sikusikia. Baada ya muda mwalimu aliondoka, na safari hii hakuaga.

Mwishowe baba akauegemeza mkono wake wa kulia juu ya madigadi ili utulie, akashika tochi kwa wa kushoto. Mkono ule ulikuwa pale pale palipokuwa wangu miaka ile. Mifupa yake ilikuwa imetokeza na ngozi imekuwa nyembamba. Mimi nilikuwa nimegeuka kuchukua spana kwenye sanduku, ya kulegeza bomba lililokuwa linanizuia, na nilipogeuka nayo mkononi nikauona.

Nikasimama. Yeye aliitazama spana, kisha akautazama mkono wake. Akafumba macho. Hakuuondoa.

Sikumpiga. Lakini sikumwambia kwamba sitampiga. Nilimwacha asubiri. Niliwasikia kuku wa jirani, nikasikia redio ya mtu inasoma matangazo ya vifo, mpaka yakaisha. Kisha nikaiweka spana juu ya madigadi, kando ya vidole vyake, kwa kishindo, naye akaruka mwili mzima na tochi ikaanguka.

Niliiokota nikampa.

"Mbona uliupiga wangu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ulipatia," akasema. "Kaka yako alikuwa amekaa humo ndani anakutazama. Nilimfundisha miaka miwili, na wewe hujafundishwa ukapatia. Angejionaje?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua tangu uko mdogo. Ulikuwa unasikia injini kuliko yeye." Alisema bila kunipa sifa yoyote, kama mtu anayetaja hali ya barabara. "Sikuwa na kitu kingine cha kumpa yule. Wewe ulikuwa na milima."

"Ndiyo unaniomba msamaha?"

"Hapana," akasema. "Umeuliza, nimekujibu."

Niliporudi wiki iliyofuata, chuma kigumu kilikuwa kimeshatoka chote na imebaki bolti yenyewe na tundu lake la upande. Drili yoyote ingefuata tundu lile la zamani na kula hedi. Kwa hiyo katikati ya wiki, baada ya kazi zangu, nilikuwa nimekereza bushi ndogo ya chuma, kama pete nene, inayoingia kwa kubana katika tundu la kile kifuniko cha rejeta. Nilikifunga kifuniko mahali pake kwa bolti mbili nzima, nikaipachika bushi kwenye tundu la tatu, nayo ikawa inaielekeza drili katikati kabisa ya bolti iliyokatika. Badala ya ncha ya kawaida nilitumia kisu bapa cha karakanani, ambacho hakishawishiki kufuata tundu la mtu mwingine. Nilikwenda kidogo kidogo, natoa chenga, natia mafuta, narudi tena.

Baba alikaa kwenye kiti chake akisikiliza. Mwalimu hakuja siku hiyo. Nilipoitoa bushi na kuinua kichwa, nilimwona baba amesogeza kiti karibu, shingo ameinyoosha. Alikuwa ameielewa ile bushi. Alikuwa dereva wa siku nyingi na alishakaa na mafundi wengi. Alijua anachokiona ni kazi nzuri. Hakusema. Na mimi sikumweleza.

Lilibaki ganda jembamba tu la ile bolti, limeng'ang'ania kwenye uzi wa aluminiamu. Nilipasha moto hedi kwa gesi, nikagusisha nta ya nyuki pembeni ya ganda, ikayeyuka na kunyweka ndani. Nikaacha ipoe, nikarudia. Mara ya tatu nilishika ncha ya ganda kwa koleo nyembamba na kulivuta kwa kulikunja ndani, nalo likatoka lote, limejizungusha, kama ganda la chungwa lililomenywa na mtu asiyetaka likatike. Uzi wa ndani ulikuwa mzima. Niliujaribu kwa bolti mpya, ikaingia kwa vidole.

Baba alinyoosha kiganja. "Hebu nilione."

Nililiangalia lile ganda la kutu, kisha nikalitupa kwenye kopo la oili chafu lililokuwa miguuni pake. Akabaki ameinamia kopo na kiganja chake kiko wazi.

Wiki ya mwisho nilifunga kila kitu, nikajaza rejeta maji yenye dawa ya kuzuia kutu, nikaliwasha. Lilitoa moshi mweusi, likakohoa, kisha likatulia. Nilimwacha baba akae kwenye usukani. Hakuweza kuliendesha, kwa hiyo alikaa tu akashika usukani, na mtetemo wa injini na mtetemo wa mikono yake vikawa kitu kimoja, hata usingeweza kujua ni mgonjwa.

Kaka alifika Ijumaa na familia yake. Alinikumbatia, akaniuliza kazi zinaendaje, akalizunguka gari akipiga picha. Jumamosi alfajiri aliliendesha yeye, baba pembeni yake, sisi wengine tukafuata kwa gari la kukodi kupitia Mkuyuni. Watu walisimama njiani kama baba alivyotaka. Pale Matombo wazee walilizunguka, wakaligonga gonga mabati, wakamwita baba kwa jina la zamani la udereva wake. Sijawahi kumwona anacheka vile. Bibi harusi akatolewa kanisani kwa gari lile, gauni limejaza kiti chote.

Kwenye sherehe, msemaji alichukua kipaza sauti na kutangaza kwamba gari hili la kihistoria lilikuwa limeshakufa, na limefufuliwa kwa mikono ya babu na ya baba mzazi wa bwana harusi. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kaka akasimama akapunga mkono. Baba alitazama sahani yake. Mwalimu, ambaye naye alialikwa, alikuwa ananitazama kutoka meza ya pili, na nadhani alikuwa anasubiri nifanye nitakachofanya. Nilimaliza pilau yangu.

Baadaye nilimkuta baba kwenye bomba ananawa.

"Umesikia walichosema?"

"Nimesikia."

"Na umenyamaza."

"Ilikuwa harusi," akasema. Akaendelea kunawa. Kisha, mbele ya ndugu wote waliokuwa wanajiandaa kuondoka, akamwita kaka na kumkabidhi kadi ya gari na ufunguo wa pili. Kaka alilala Bigwa usiku mmoja tu, Jumapili akaondoka nalo kwenda Dar.

Ilipita kama miezi mitano. Nilikuwa nakwenda kwa baba kila Jumapili baada ya misa, kumpikia na kumfulia, kwa kuwa mikono ilikuwa imemshinda kabisa. Banda lilikuwa tupu, na kiti chake aliendelea kukiweka pale pale, karibu na doa la oili. Kila Jumapili aliniuliza swali moja. "Kaka yako amesemaje kuhusu gari?" Nami nilimwambia hajasema kitu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kisha siku moja kaka akanitumia picha kwenye simu, bila maelezo, na alama ya kucheka. Alikuwa amempa gari rafiki yake mwenye baa. Walikuwa wameliinua juu ya matofali mbele ya baa hiyo, wamelipaka rangi ya waridi, taa zimezungushiwa pande zote. Boneti ilikuwa wazi. Mahali pa injini walikuwa wamepanda maua.

Jumapili hiyo baba alipouliza swali lake, ningeweza kusema hajasema kitu. Angeridhika, na angekula chakula chake. Nilikuwa na dakika nzima ya kufikiri, na nilifikiri. Nikatoa simu nikamwekea mbele ya macho.

Aliiangalia. Hakuweza kuishika, kwa hiyo nilimshikia.

"Ni lipi hili?"

"Ni lako."

"Langu ni jeupe."

"Wamelipaka."

Akasogeza uso karibu. "Hedi iko wapi?"

"Wametoa injini nzima. Sijui walikoipeleka."

"Kuza."

Nikaikuza picha kwa vidole viwili, kile kilichopinda kikiwa kimetokeza kando kama kawaida yake. Nilimpitishia sehemu moja moja: mlango, madigadi, lile shimo lenye maua. Kila alichouliza nilimjibu sawasawa, sikumpunguzia. Alipouliza kama kaka anajua, nikamwambia ndiye aliyenitumia. Alipouliza kama aliandika neno lolote, nikamwambia aliweka alama ya kucheka, na kwa kuwa hakuelewa ni nini, nikamwonyesha.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Nilirudisha simu mfukoni, nikaingia jikoni kugeuza ugali. Nilimpakulia, nikakaa karibu yake nikawa namlisha matonge madogo, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya siku hizi, naye akawa anafungua mdomo kila mkono wangu unapofika.